Wasia wa Mkulima Mordecai, na Nasaba Iliyopotea



Kijana mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ameniletea swali ambalo nimelipenda. Asema kwamba katika somo la mirathi wanafunzi hukaririshwa mafungu, nusu na robo na thumni, thuluthi mbili na thuluthi na sudusi, mpaka ulimi ukachoka. Walakini hajaona bado faida ya kuijua nasaba ya mtu hata vizazi vitano au sita nyuma. Je, si majivuno tu ya watu wa zamani?

Ningeweza kumjibu kwa habari za huku kwetu, lakini za huku kwetu zina wenyewe, na baadhi yao wangali wakienda na kurudi kwa Kadhi. Basi nitamjibu kwa habari ya watu wa mbali, ambayo imekwisha chunguzwa na kuandikwa vitabuni. Ni habari ya ukoo wa Abraham Lincoln, yule Rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1865. Wengi wamjua kwa vita vya kuondoa utumwa. Wachache wajua kuwa mtu yule mkubwa, ambaye jina lake limejaa duniani, alikufa bila ya kumjua baba wa babu yake.

Mwaka 1848, Lincoln alipokuwa mjumbe katika Baraza la nchi huko Washington, alipokea barua kutoka kwa mtu wa jina lile lile, Solomon Lincoln, wa mji wa Hingham katika Massachusetts. Huyu alikuwa mwandishi wa tarikhi ya mji wake, naye alitaka kujua kama wao ni ukoo mmoja. Lincoln alimjibu kwa adabu, akamwambia alilolijua: kwamba babu yake alitoka Virginia akahamia Kentucky, na kwamba pana masimulizi yasiyo wazi ya kuwa baba wa babu alitoka Pennsylvania akaenda Virginia. Zaidi ya hayo hakuwahi kusikia neno. Mwaka 1859 aliandika tena habari za maisha yake, akasema juhudi ya kuwaunganisha watu wake na akina Lincoln wa kaskazini haikuzaa kitu, ila kufanana kwa majina ya watoto: Mordecai hapa na Mordecai kule, Abraham hapa na Abraham kule.

Jamani, kufanana kwa majina si ushahidi. Huku kwetu pia akina Salim bin Said ni wengi kama mchanga, wala hawarithiani.

Sasa, ilikuwaje ukoo ukapotea kwa muda mfupi hivyo? Jawabu limo katika mirathi, na ndiyo sababu ya mimi kuileta habari hii.

Babu yake Rais aliitwa Abraham pia, naye alikuwa mkulima mwenye cheo cha kapteni katika jeshi la wenyeji wa Virginia. Alihamia Kentucky, ambayo wakati huo ilikuwa ni sehemu ya Virginia, akapata ardhi nyingi, eka zisizopungua 5,500. Mwezi wa Mei mwaka 1786 alikuwa shambani akifanya kazi pamoja na wanawe watatu, Mordecai, Josiah na Thomas, wakati alipopigwa risasi na Wahindi Wekundu waliokuwa wakipigana na wahamiaji kwa ajili ya nchi ile. Thomas, mdogo wa wavulana, alikuwa mtoto wa kiasi cha miaka minane. Mzee hakuacha wasia.

Hapa ndipo sheria ilipoingia. Virginia ilikuwa bado yaifuata sheria ya kale ya Kiingereza, kwamba mtu akifa bila ya wasia, ardhi yake yote huenda kwa mwana wa kiume aliye mkubwa. Mjane alikuwa na haki ya kutumia thuluthi ya ardhi maadamu yu hai, kisha irudi kwa mwana mkubwa. Wavulana wengine na mabinti hawakuwa na kitu katika ardhi. Waligawana vyombo, wanyama na vinginevyo vya kuhamishika. Kwa hivyo Mordecai, mkubwa wao, alichukua ardhi. Josiah na Thomas, na dada zao wawili Mary na Nancy, hawakupata hata eka moja ya ardhi ile ambayo baba yao aliifia.

Na lililo chungu zaidi ni hili. Baraza la Virginia lilikuwa limekwisha pitisha sheria mpya mwaka 1785, ya kuwapa watoto wote, waume kwa wake, sehemu sawa sawa. Lakini sheria hiyo iliwekwa ianze tarehe 1 Januari 1787. Mzee aliuawa kiasi cha miezi saba kabla.

Thomas alikua akizunguka kutoka shamba hili mpaka lile kama kibarua. Mwanawe, yaani Rais, ameandika kuwa baba yake alikulia katika dhiki bila ya elimu, wala hakupata kuandika zaidi ya kutia jina lake kwa taabu. Mtu wa namna hiyo hana sanduku la hati. Hana sababu ya kutunza barua za babu, maana hakuna alichoachiwa ambacho hati hizo zingekithibitisha. Mwenye shamba huijua mipaka yake, na aliyempa, na aliyempa yule aliyempa. Asiye na shamba hana wa kumwuliza. Hivyo kwa kifo kimoja kisicho na wasia, na sheria moja iliyomtazama mwana mmoja ikawaacha wanne, kamba ya nasaba ilikatika. Katika nyumba ya Thomas yalibaki masimulizi yasiyo wazi.

Nataka nisimame hapa kidogo kwa ajili ya vijana wa chuoni, tufanye hesabu. Watu hawa hawakuwa Waislamu wala sheria yetu haikuwahusu. Hili ni zoezi la ubaoni tu. Kapteni Abraham amekufa, ameacha mke, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Kila mmoja apate ngapi?

Mwanafunzi mwepesi atajibu upesi: mke thumni, na zinazobaki ni za watoto, mume mara mbili ya mke, mafungu ni 64, mke apate 8, kila mwana 14, kila binti 7. Hesabu yake ni safi kabisa, na jawabu lake si sahihi! Maana hakuuliza kama wazazi wa maiti wako hai. Naam, walikuwa hai wote wawili. Baba yake, John Lincoln, alikuwako Virginia, naye alikufa mwaka 1788. Na mama yake, Rebecca, aliishi zaidi ya hapo. Basi baba ana sudusi yake na mama ana sudusi yake. Asili ya hesabu ni 24: mke 3, baba 4, mama 4, zabaki 13 za watoto, na vichwa vyao ni 8. Kumi na tatu haigawanyiki kwa nane. Twaipiga 24 mara 8, twapata 192. Mke apate 24, baba 32, mama 32, kila mwana 26, kila binti 13. Thomas, ambaye hakupata kitu, angekuwa na eka zipatazo 744, na dada yake Nancy nusu ya hizo.

Kijana wangu mwulizaji, waona sasa? Hesabu ya faraidhi hufanywa kwa kalamu, lakini kabla ya kushika kalamu sharti ujue nani ni nani, nani yu hai na nani amekufa mbele. Mwenye kukosea nasaba amekwisha kosea mirathi, hata akiwa hodari wa kugawanya namna gani.

Turudi katika ukoo uliopotea. Watafutaji walioshughulika baada ya kifo cha Rais walikwenda katika madaftari ya mahakama, na huko Pennsylvania walikuta wasia wa mkulima mmoja aitwaye Mordecai Lincoln. Huyu alizaliwa Hingham mwaka 1686, mjukuu wa Samuel Lincoln aliyevuka bahari kutoka Uingereza mwaka 1637. Mordecai alikuwa na kazi mbili, kilimo na biashara ya chuma. Alikaa kwanza New Jersey, akaoa huko mke aitwaye Hannah Salter. Baada ya kufa Hannah alioa mke wa pili, Mary, huko Pennsylvania, na nyumba ya mawe aliyoijenga kule mwaka 1733 ingali yasimama mpaka leo.

Wasia wake umeandikwa mwezi wa Februari, na mwaka wake huandikwa 1735/36. Msomaji asidhani mwandishi alikuwa na shaka. Uingereza na makoloni yake mpaka mwaka 1752 walikuwa wakianza mwaka tarehe 25 Machi, si tarehe 1 Januari. Kwa hivyo mwezi wa Februari ulikuwa bado ni wa 1735 kwa hesabu yao, na ni wa 1736 kwa hesabu ya sasa. Asiyejua jambo hili aweza kumwona mtoto amezaliwa kabla ya arusi ya wazazi wake, akaitia aila ya watu aibu ambayo hawanayo. Sisi tunaotumia kalenda mbili nyumbani twapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine.

Ndani ya wasia, wana wawili wa mke wa pili, Mordecai na Thomas, walipewa shamba la nyumbani. Mkewe Mary alipewa ruhusa ya kukaa shambani awalee watoto. Naye alikuwa na mimba. Mzee hakumsahau aliye tumboni, akaweka sharti kwamba akizaliwa mwanamume naye awe na sehemu katika ardhi ile. Mordecai alikufa mwezi wa Mei 1736, na mtoto akazaliwa mwaka ule ule, akaitwa Abraham. Wanavyuoni wetu nao wana mlango mzima juu ya mirathi ya mimba, jinsi fungu lake linavyowekwa akiba mpaka azaliwe. Kwa hiyo ningekuwa mkaidi nisimsifu mkulima yule kwa jambo hilo.

Na John? John alikuwa mwana wa mke wa kwanza, mkubwa wa wanaume wote. Wasia ulimpa eka 300 mbali kabisa, huko New Jersey alikokaa baba yake zamani. Mtu asomaye juu juu atasema: huyu alichukiwa, katupwa mbali, au atasema: huyu hakuwa mwana hasa, pengine ni jamaa tu. Kosa. Wakulima wa zama zile mara nyingi walimpa mwana mkubwa sehemu yake mapema, au ardhi ya upande mwingine, kwa sababu amekwisha kuwa mtu mzima, na wadogo wakaachiwa nyumba ambayo mama yao angali akiishi ndani yake. Hata wasia ukimwachia mwana shilingi moja tu, isidhaniwe mara moja kuwa ni ghadhabu. Huenda alikwisha pewa chake wakati wa arusi yake, na shilingi ile ni alama ya kwamba hakusahauliwa, asije akadai.

Wasia peke yake haukutosha kuyamaliza mambo. Ilihitajika karatasi ya pili, nayo ni hati ya mauzo ya mwaka 1748, ambayo kwayo John Lincoln, aliyekuwa akikaa Pennsylvania, aliiuza ardhi ile ya New Jersey, na hati ikamtaja kuwa ni mwana wa Mordecai. John huyu huyu ndiye aliyehamia Virginia kiasi cha miaka ishirini baadaye, ndiye baba wa Kapteni Abraham. Hivyo yale masimulizi yasiyo wazi, kwamba baba wa babu alitoka Pennsylvania, yalikuwa kweli. Rais alikuwa kilembwe wa Mordecai, na watu wa Hingham walikuwa jamaa zake. Waldo Lincoln alipotoa kitabu chake kikubwa cha ukoo ule mwaka 1923, mambo yalikuwa yamekwisha kaa mahali pake. Lakini aliyetaka kujua alikuwa kaburini tangu miaka 58.

Eka 300 za mbali, ambazo huenda John mwenyewe alizinung'unikia, ndizo zilizomrudishia kilembwe wa Mordecai ukoo wake.

Kwa mwenye kupenda kazi hii ya kusoma nyasia za kale, niongeze tahadhari juu ya maneno. Katika Kiingereza cha wakati ule, neno ambalo leo ni mkwe, yaani mume wa binti, liliweza kuwa na maana ya mwana wa kambo. Neno ambalo leo ni binamu liliweza kumaanisha mpwa. Na mtu akiandika «mke wangu wa sasa», si lazima awe alikuwa na mwingine kabla yake. Lilikuwa ni neno la wanasheria tu, la kumfunga yule aliyeko asije akachanganywa na atakayekuja. Tusiwacheke. Neno letu «ndugu» ni la hatari kubwa kuliko hayo yote, na nimeona watu wazima wakilisema mbele ya mirathi pasipo kubainisha kama ni ndugu wa baba na mama, au wa baba, au wa mama, au mtoto wa ami, au mtu waliyekua naye mtaani.

Tena yapasa kukumbuka kuwa wasia wa watu hawa ulikuwa huru mno. Sisi hatuwezi kuusia zaidi ya thuluthi, wala kumwusia aliye mrithi ila kwa ridhaa ya warithi wenziwe. Wao waliweza kuandika karibu walitakalo. Mke aliyeolewa, kwa upande wake, hakuweza kuusia mali ila kwa idhini ya mumewe, maana mali yake ya kuhamishika ilikuwa ya mume tangu siku ya ndoa. Ndiyo maana atafutaye nasaba kwa njia ya nyasia za makoloni yale huwapata wanaume kwa urahisi, na wanawake huwapata kwa jina moja tu: «mke wangu Mary», «binti yangu Ann». Baba zao ni akina nani? Lazima atafute wasia mwingine, wa mzee mwingine, ambaye naye ana binti Mary. Kazi yake ni ya miaka.

Lakini wako watu waliotajwa katika mirathi ya wakulima wale si kama warithi bali kama mali, na ukurasa huu hautakuwa wa haki ukiwapita. Mfano ulio wazi ni wa shamba la George Washington, Rais wa kwanza, huko huko Virginia. Mkewe Martha aliolewa naye mwaka 1759, akiwa mjane wa tajiri Daniel Parke Custis, aliyekufa mwaka 1757 bila ya wasia. Kwa sheria ile ile ya thuluthi ya mjane, Martha alipata kuwatumia sehemu ya watumwa wa marehemu maisha yake, kisha wawaendee warithi wa Custis. Mwaka 1799 katika shamba la Washington walikuwako watumwa 317. Mali yake mwenyewe walikuwa 123, na wa Custis walikuwa 153. Waliobaki walikuwa wa kukodiwa. Washington aliandika wasia mwaka huo kwamba watu wake waachwe huru baada ya kufa mkewe. Alikufa mwezi wa Desemba, na Martha hakungoja, akawaacha huru tarehe 1 Januari 1801. Wale 153 hawakuweza kuguswa na wasia wa Washington wala wa Martha. Martha alipokufa mwaka 1802, waligawanywa baina ya wajukuu zake wanne.

Na kati ya vikundi viwili hivi walikuwa wamekwisha oana. Mume akawa huru na mke akaenda kwa mjukuu huyu, na mtoto, kwa kuwa alifuata hali ya mama yake, akawa mtumwa. Hayo yote kwa sababu ya mtu aliyekufa mwaka 1757 hajaandika wasia, na kwa sababu ya sheria iliyoweza kumweka binadamu katika orodha moja na ng'ombe.

Katika orodha ya watu waliotozwa kodi kwa shamba lile mwaka 1774 yamo majina mawili ya wanawake, «Fatimer» na «Little Fatimer», yaani Fatimer Mdogo. Yaonekana ni mama na bintiye. Mwandishi Mwingereza aliliandika kama alivyolisikia. Msomaji wa gazeti hili hahitaji kuambiwa jina hilo ni lipi. Halina jina la baba mbele yake, wala kabila, wala mji. Vizazi vya watu wa mashamba yale leo watafuta wazee wao katika karatasi hizo hizo, maana hawana nyingine: wasia wa bwana, orodha ya mali ya bwana, hati ya mgawanyo wa warithi wa bwana. Washington mwaka 1799 aliiandika orodha yake kwa uangalifu kuliko wengi. Mbele ya majina mengi alitia kazi ya mtu, na umri wake, na jina la mumewe au mkewe, na shamba alikokuwa yule mwenziwe.